Nyuzi Zinazosimama

Gladness Ndahani aliifungua shuka juu ya meza ya chumba cha muziki, na kitu cha kwanza ambacho Mwalimu Anyitike alikitazama ni viraka. Vilikuwa viraka vyeusi vya mpira, vya aina ile ile inayobandikwa kwenye tyubu za baiskeli, saba kwa jumla, vimepangwa mstari mmoja katikati ya ngozi ya ala kuukuu kama vifungo vya shati.

"Nani amevibandika?" mwalimu akauliza.

"Kaka yangu," alisema Gladness.

"Mimi," Gerson akaitikia kutoka nyuma yake, kofia ya pikipiki ikiwa bado mkononi. "Panya walikuwa wametoboa, Mwalimu. Sauti ilikuwa inavuja."

Mwalimu hakucheka. Gladness alilihesabu hilo kuwa jambo jema, kwa sababu alikuwa ametoka Chamwino bila kujua anakwenda kwa mtu wa namna gani. Yeye alikuwa afisa mifugo wa wilaya. Mambo ya muziki hayakuwa kazi yake. Mfanyakazi mwenzake, aliyepata kusoma kwenye chuo hiki cha ualimu, ndiye aliyemwambia kwamba huko Dodoma, njia ya Msalato, yuko mkufunzi mmoja anayezipanga ala za muziki kwa utaratibu kama watu wengine wanavyopanga dawa.

Baba yao, Mzee Danieli Ndahani, alifariki mwaka uliopita. Jumamosi ya wiki hiyo ndugu wangekutana nyumbani, nje kidogo ya mji wa Mpwapwa, kwa ibada ya kumbukumbu na kuweka msalaba kaburini. Mama yao, Anna, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia hata akawa anawatambua watoto wake kwa vishindo vya miguu, alitoa ombi moja. Hakuomba kwaya kutoka mjini. Aliomba ala ya mumewe ipigwe. Gerson alipomshauri kwamba ingetosha kuitundika ukutani, nyuma ya meza ya mchungaji, watu wote waione, mama alimjibu, "Mimi nione nini? Nataka kuisikia."

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Ala hiyo haikuwa imesikika tangu Gladness na Gerson wakiwa watoto wadogo. Mzee Danieli alikwenda Uganda na jeshi wakati wa vita, akakaa miezi mingi kaskazini kabisa, upande wa Arua, na huko mwenyeji mmoja akamfundisha kuchonga na kupiga. Aliporudi alichonga ya kwake kwa mti wa mninga na kuiwamba ngozi ya mbuzi. Aliipiga jioni uani, ameikumbatia kifuani, amewapa watu mgongo. Kisha mkanda wa mashine ya kusaga ukamkata vidole viwili. Akaitundika ala ukutani, na nyuzi zake zikaishia kufungia banda la kuku. Nyumbani waliiita zeze la mzee, kwa sababu Ugogoni kitu chenye nyuzi ni zeze, na hakuna aliyeona haja ya kuuliza zaidi. Mama alipoulizwa nyuzi zilikaaje, alijibu kwamba nyuzi zilikuwa nyuzi. Yeye alikuwa anasikiliza, hakuwa anakagua.

Kwa hiyo Gerson, anayepiga zeze na marimba katika kila sherehe ya kata yao, aliitengeneza kama zeze. Alifunga nyaya za breki kwenye kitako cha ala, akazipeleka hadi kwenye vigingi vya shingo, na kando ya viraka akaweka daraja, yaani kile kipande cha mti kinachozibeba nyuzi juu ya ngozi. Lakini shingo ya ala hii haikunyooka kama ya zeze. Ilipanda juu na kupinda. Ili daraja lizifikie nyuzi, Gerson alilazimika kulichonga refu na jembamba kama kisigino cha kiatu cha bibi harusi. Kila alipopiga, daraja lilianguka. Lilipokataa kuanguka, liliididimiza ngozi, na ukingoni ngozi ikachanika ufa wa urefu wa ukucha.

Ufa huo ndio uliomleta Gladness.

Mwalimu Anyitike alinawa mikono, akaifuta, ndipo akaishika ala. Aliizungusha mara kadhaa. Gladness akapata nafasi ya kukitazama chumba. Kuta tatu zilikuwa na rafu, na kila rafu ilikuwa na kibao kilichoandikwa kwa herufi za mkono zilizonyooka. Kwenye rafu moja yalikaa mazeze, gitaa mbili na udi mmoja uliokosa kigingi. Kwenye nyingine ililala nanga ya Bukoba, kama sinia refu lililopitishwa nyuzi. Ya tatu ilikuwa na litungu la Tarime, mikono yake miwili ikishikilia mti wa juu. Rafu iliyofuata ilikuwa na kibao kilichoandikwa VINUBI, na juu yake hapakuwa na kitu hata vumbi.

Gerson naye alikuwa ameiona. "Dada," alinong'ona, lakini kwa sauti ya kusikika, "huyu ana rafu tupu. Mali ya baba hairudi nyumbani leo."

"Kaka!"

"Mwache aseme," alisema mwalimu. "Amesema kweli. Mwenye rafu tupu anaweza kuona kinubi hata kwenye kiti cha uvivu. Ndiyo maana naogopa kusema haraka. Nipeni sababu za kukataa kwamba hiki ni kinubi."

"Sababu ya kwanza," Gerson akasema, "kina daraja."

"Nani aliweka daraja?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu zeze lina daraja." Gerson alisikia alichokisema, akacheka mwenyewe kabla ya wengine. "Haya, endelea, Mwalimu. Lakini ninyi watu wa ndizi mnajua nini kuhusu ngozi ya mbuzi?"

"Kidogo sana. Kwetu Tukuyu mbuzi tunamla na ndizi zake, ngozi hatuiulizi maswali."

Mwalimu akachukua kitabu kikubwa mezani, akakifungua. Aliulaza ukurasa mmoja ukalala juu ya kitabu, kisha akauinua ukurasa mwingine na kuushika ukiwa umesimama wima.

"Kitabu ni tumbo la ala, pale palipowambwa ngozi au ubao," alisema. "Ukurasa ni nyuzi zote zikitazamwa kwa pamoja. Ukurasa huu umelala. Nyuzi zinakwenda sambamba na tumbo. Ndivyo lilivyo zeze, ndivyo lilivyo gitaa, na nanga pia, pamoja na tofauti zake. Huu mwingine umesimama. Kila uzi unachomoka tumboni na kupanda moja kwa moja hadi shingoni. Hicho ni kinubi. Ukubwa si hoja. Idadi ya nyuzi si hoja. Kupigwa na malaika au na mlevi si hoja."

"Na lile la Tarime?" Gladness aliuliza. "Mimi nilidhani lile ndilo kinubi. Linafanana na picha."

"Litazame kutoka hapo ulipo. Linafanana. Sasa njoo huku ubavuni."

Gladness akazunguka. Kutoka ubavuni aliona nyuzi za litungu zikipita juu ya daraja na kulifuata tumbo, zimelala kama ukurasa ule wa kwanza.

"Watu wengi hutazama mbele tu," alisema mwalimu. "Kinubi na litungu hutenganishwa ubavuni. Tatizo letu ni kwamba ala yenu haina ubavu wa kutazamwa. Nyuzi zake za asili hazipo. Shingo imepinda, ndiyo, lakini shingo peke yake si ushahidi. Nahitaji kujua nyuzi zilianzia wapi, na ngozi haiwezi kusema."

Gladness alikuwa akiitazama ngozi tangu alipoingia, na neno hilo halikumkaa vizuri. Katika kazi yake ngozi ndiyo inayosema kwanza. Afya ya ng'ombe aliyekonda kwa ukame haipimwi kwa macho, kwa sababu manyoya hudanganya. Hupimwa kwa vidole, kwa kubonyeza mgongo na kuusikia uti ulivyo chini. Akauliza kama anaweza. Mwalimu akamsogezea ala.

Alivipitisha vidole vyake pembezoni, kisha akavileta katikati, juu ya viraka. Akabonyeza. Akafumba macho.

"Kuna uti wa mgongo," alisema.

"Uti wa nini?" Gerson akauliza.

"Ufito. Uko chini ya ngozi, unaanzia shingoni unakwenda hadi kitakoni. Viraka vyako vyote, kaka, umevibandika juu yake. Panya gani anayetoboa kwa mstari, tena juu ya mti?"

Gladness alianza kubandua viraka kimoja kimoja, akiloweka gundi kwa maji na kungoja ilegee. Chini ya kila kiraka palikuwa na tundu moja dogo, na kingo za kila tundu zilikuwa zimeinuka na kukauka zikiwa zimeinuka, kama midomo. Mstari wote wa katikati ulikuwa kituta. Pembeni, pale daraja la Gerson lilipokuwa limekaa, ngozi ilikuwa imebonyea.

"Tazama tofauti," alimwambia mwalimu, na sauti yake sasa ilikuwa ile anayoitumia kwa wafugaji. "Hili bonde ni jipya. Ngozi imevunjika hapa, ndani ni nyeupe bado. Lakini kituta hiki ni cha miaka mingi, rangi yake ni moja na ngozi nyingine. Ngozi hii ilizeeka ikivutwa kwenda juu."

Mwalimu aliinama, akapima kwa jicho, kisha akainuka taratibu.

"Zeze huikandamiza ngozi yake," alisema. "Kinubi huivuta. Sina la kukataa tena."

"Kwa hiyo baba alikuwa na kinubi," alisema Gerson. "Kile cha kwenye kadi za Krismasi? Mbona hakifanani hata kidogo?"

"Kile ni ndugu yake wa mbali. Kuna vinubi vya aina tatu. Cha kwanza ni cha upinde, kama hiki. Shingo inatoka kwenye mwili na kupinda kwa mkunjo mmoja, kama upinde wa mshale. Cha pili ni cha pembe. Shingo inaungana na mwili kwa kona, kama kiwiko changu hivi. Hivyo viwili viko wazi mbele. Cha tatu kimeongezwa nguzo inayofunga upande wa tatu, na kwa hiyo kinaweza kubeba nyuzi nyingi zilizokazwa sana. Hicho ndicho cha kadi zako. Nguzo ikiondolewa, shingo itavunjika, na malaika ataumia."

Gerson alicheka sana, na kuanzia hapo hakutaja tena rafu.

Lakini Gladness hakuwa amecheka. Alikuwa ameelewa jambo ambalo kaka yake hakuwa amelifikia. Ikiwa nyuzi zinapaswa kuivuta ngozi juu, basi zitauvuta na ule ufa. Alimwuliza mwalimu, na mwalimu akamjibu bila kuficha: nyuzi saba zikikazwa, ufa unaweza kukimbia hadi upande wa pili, na hapo ndipo mwisho wa ngozi hiyo.

"Tuwambe mpya," alisema Gerson. "Mbuzi wapo."

"Inawezekana," alisema mwalimu. "Kwa jua la Dodoma itakauka kabla ya Jumamosi. Mtapata kinubi kizuri. Sauti itakuwa ya kinubi kizuri."

"Lakini siyo hiki," alisema Gladness.

"Siyo hiki."

Gladness alikaa kitini. Mama hakuomba kinubi kizuri. Angeweza kumpelekea ngozi mpya na kumwacha aamini, mama asingeona. Angesikia, hata hivyo, na yeye Gladness angekaa karibu yake akimtazama akisikia. Akafungua mkoba wake wa kazi, akatoa sindano iliyopinda na uzi wa kushonea majeraha.

Aliushona ufa kama anavyoshona ubavu wa ndama aliyekwaruzwa na miiba, akiichoma sindano mbali na kingo ili uzi usikate, bila kukaza kupita kiasi. Kabla ya hapo alikuwa ameilainisha ngozi kwa kitambaa chenye unyevu, pale tu alipotaka kushona. Gerson alikwenda dukani kununua mshipi wa kuvulia, kwa kuwa mwalimu alikataa nyaya za breki zisirudi hata kwa mazungumzo.

Ilibaki kuzipitisha nyuzi. Kila uzi ulipaswa kupita kwenye tundu la ngozi na la ufito, kisha ufungwe kwa ndani kwenye kijiti ili usichomoke. Nyuma ya mwili wa ala palikuwa na tundu la duara ambalo Gerson siku zote aliamini ni la kuningʼinizia msumarini. Mkono wa mwalimu haukupita. Wa Gerson haukupita. Gladness akavua saa, akakusanya vidole, akaingiza.

"Unasikia nini?" Gerson akauliza.

"Ndama. Tena amekaa vibaya."

"Mvute kwa kwato za mbele, Daktari."

Walifanya kazi mchana kutwa. Mwalimu alishika, Gerson alikata vijiti, Gladness alifunga. Walipomaliza, mwalimu alitoa simu yenye programu ya kupima sauti na kuukaza kila uzi kwa zamu, do hadi ti, akingoja kila mmoja utulie kabla ya kugusa unaofuata. Mshono ulivutika, ukatulia. Kutoka ubavuni nyuzi zote saba zilionekana zimesimama juu ya ngozi kama ukurasa. Mwalimu akaupiga uzi wa chini kwa kidole gumba. Sauti ilitoka nzito, yenye mchanga kidogo ndani yake.

Jumamosi mwalimu naye alifika Mpwapwa kwa basi la asubuhi, amevaa koti. Gladness alimpeleka kwa mama, aliyekuwa amekaa kwenye mkeka pamoja na wanawake wengine.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye uliyezisimamisha nyuzi?"

"Tulisaidiana, mama."

"Haya. Gerson, hebu gusa."

Gerson alikuwa amefanya mazoezi siku mbili mfululizo, mbali na masikio ya mama. Aliikumbatia ala kifuani kama walivyomkumbuka baba yao, akapiga mwanzo wa wimbo ambao mzee aliupiga jioni. Mama alisikiliza kidogo tu, kisha akainua mkono.

"Hicho ni kinanda cha kanisani."

Gladness aliutazama mshono, kana kwamba kosa lilikuwa hapo.

"Ngozi ni ya Danieli," mama aliendelea. "Nyuzi zinaongea Kiingereza."

Gerson ndiye aliyeelewa. Akaagiza marimba yake, yenye sauti za Kigogo, iletwe kutoka ndani, akaiweka pajani, akapiga ulimi mmoja wa chuma na kuulegeza uzi wa kwanza hadi ukafanana nao. Kisha wa pili, na wa tatu. Nyingine alizishusha kidogo sana, mmoja akaupandisha. Baba yao alijifunza kuchonga Arua, lakini masikio alikuwa ametoka nayo nyumbani. Mwalimu Anyitike alisogea karibu. Alianza kumweleza Gladness kwamba upangaji wa ala haugusi upangaji wa sauti, kwamba hayo ni mambo mawili, na kwamba jambo la pili lingestahili rafu zake lenyewe. Kisha akaacha, akasikiliza.

Mchungaji alimaliza sala, msalaba ukasimikwa, na Gerson akapiga. Wimbo ulikuwa mfupi, wa kupanda na kurudi. Wanawake waliokuwa mkekani walianza kuitikia kwa chini, kwa Kigogo, bila kuambiwa. Mama hakuimba. Alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, kinywa kimefumbwa, na kidole chake kilikuwa kikigonga goti.

"Polepole hapo," alisema katikati. "Baba yako hakuwa na haraka."

Gerson akapunguza.

Gladness alikuwa amekaa mahali ambapo angeweza kuuona mshono. Wimbo ulipokuwa unakaribia mwisho aliona fundo moja la mshono likiachia, kisha la pili, na ufa ukajitokeza nje ya mshono kwa upana wa kidole. Sauti ya uzi wa chini ikaanza kukwaruza. Gerson aliisikia. Akaumaliza wimbo, akaweka kiganja juu ya nyuzi kuzinyamazisha, akamtazama dada yake.

Ngozi ingeweza kuokolewa bado. Nyuzi zikilegezwa wakati ule ule, ala ingerudi Dodoma, ingeshonwa upya kwa subira, na ingekaa miaka mingi mahali pakavu penye kivuli. Mwalimu alikuwa ameona pia. Alikuwa amenyanyuka nusu kutoka kwenye kiti chake, mkono mmoja mbele.

"Tena," alisema mama.

Gerson hakusogea. Alikuwa akimngoja Gladness.

"Piga, kaka," alisema Gladness.

Mwalimu akakaa. Gerson akaondoa kiganja na kuanza wimbo kutoka mwanzo, polepole kama alivyoagizwa, na katika ubeti wa pili uzi wa chini ukang'oka pamoja na kipande cha ngozi, naye akaendelea na sita zilizobaki.